Nyumba ya babu Njoro: usipake rangi mpaka ukuta ukauke

Msomaji ameniandikia hivi: "Fundi, salamu. Babu alituachia nyumba ya shamba upande wa Njoro. Ilikuwa ya mlowezi, babu na wenzake wakanunua shamba baada ya uhuru, naye akaangukiwa na kipande chenye nyumba. Ni ya mawe, paa la mabati, sakafu ya mbao, na sebuleni kuna mahali pa kuotea moto. Ndani ni giza, na ukuta mmoja una unyevu na ukungu kutoka chini hadi kiunoni. Nataka kuifufua kwa rangi kali, nyekundu, manjano na bluu, pamoja na kazi za mikono za kwao mama, Vihiga. Fundi tuliyemwita anasema tupige plasta ya simiti nyumba nzima tupake rangi ya mafuta ya kung'aa, basi. Mume wangu anasema tubomoe tujenge ya kisasa. Nianzie wapi?"

Salamu zimefika, dada. Nikilazimishwa kuchagua kati ya ushauri wa fundi wako na wa mumeo, nitachukua wa mumeo. Nyumba ikibomolewa imebomolewa, unajua moja. Lakini ukuta wa mawe yetu haya ya Nakuru ukivishwa simiti na rangi ya mafuta, utakula pesa zako kila mwaka, na kila Krismasi utakuonyesha uso mzuri ili uendelee kuulisha.

Hili nililipia mwenyewe. Miaka mingi nyuma, nikiwa kijana mwenye kujiamini kuliko ujuzi, nilipewa nyumba ya namna hiyo hiyo kule Molo. Mama mwenye nyumba alitaka sebule nyekundu. Nikapiga plasta ya simiti, nikaisugua mpaka ikawa kama kioo, nikaweka andakoti, ile rangi ya chini, kisha mikono miwili, yaani tabaka mbili, za glosi nyekundu, rangi ya mafuta ya kung'aa. Nilikabidhi kazi Februari, ukuta unang'aa hata ungeweza kuchania nywele mbele yake. Mei nikaitwa. Ukuta ulikuwa umetoka malengelenge kama mkono uliomwagikiwa uji wa moto, mengine makubwa kuliko sarafu ya shilingi 20. Nikabonyeza moja kwa kidole gumba, likapasuka, maji yakanitiririka mpaka kwenye kiwiko. Nikagonga plasta, ikaitika kama debe tupu. Chini, ubao wa pembeni mwa sakafu ulikuwa laini, kisu kikaingia bila kusukumwa. Nilibandua kila kitu kwa gharama yangu, na mama yule hakuninyima chai, jambo ambalo lilinitesa zaidi.

Kilichotokea ni hiki. Nyumba nyingi za enzi hiyo hazina ile nailoni au lami tunayolaza siku hizi juu ya msingi kuzuia maji yasipande. Jiwe letu ni jivu la volkeno lililoganda, jepesi, rahisi kuchonga, na lina vitundu vingi. Linanyonya maji kutoka ardhini kama utambi unavyonyonya mafuta ya taa. Wajenzi wa zamani waliliunganisha kwa chokaa au udongo, vitu laini kuliko jiwe lenyewe, kwa hiyo maji yaliyopanda yalipata njia ya kutokea, yakakauka kwa upepo. Ukiziba uso kwa simiti na mafuta, maji hayaachi kupanda. Yanatafuta njia nyingine, na njia ya karibu ni mbao zako.

Kwa hiyo kabla ya kununua hata kopo moja la rangi, toka nje uzunguke nyumba. Unyevu unaoishia kiunoni karibu kila mara unatoka chini, kwa sababu maji ya kupanda ni nadra kupita kimo cha mita moja hivi. Kama ungekuwa juu, karibu na dari, ningekuambia tafuta gata iliyoziba au bati lililotoboka. Tazama udongo umefika wapi ukutani. Miaka 60 ya kupanda maua, kumwaga majivu na kufagia uwanja huinua ardhi bila mtu kujua. Halafu tafuta vitundu vya hewa chini ya sakafu ya mbao, vidogo, kwa kawaida vina wavu wa chuma. Naweza kuweka dau kwamba nusu yake vimefukiwa na nusu vimezibwa kwa matambara ili panya wasiingie na baridi ya Njoro isipite. Vitundu hivyo ndivyo pumzi ya sakafu. Ubao ukiwa wa mutarakwa, yaani mwerezi, utavumilia, mchwa wenyewe hawaupendi. Ukiwa wa podo, na dari na sakafu nyingi za zamani ni za podo, unyevu huumaliza haraka.

Chimba uondoe udongo uliokumbatia ukuta, ushuke angalau shibiri moja chini ya usawa wa sakafu. Pembeni chimba mtaro, ujaze kokoto, uupe mwinamo wa kupeleka maji mbali. Weka gata mpya. Fungua vitundu, uweke wavu mpya wa panya. Kisha bandua plasta yoyote ya simiti iliyopigwa miaka ya karibuni kwenye ukuta ule mgonjwa, na uuache uchi.

Halafu ungoje. Najua hiki ndicho kipande usichotaka kusikia. Kanuni ya mafundi ni mwezi mmoja kwa kila inchi ya unene, kwa hiyo ukuta wa inchi 9 unaomba miezi 9, kama mimba. Sisemi uhamie kwa jirani. Kuta nyingine kavu unaweza kuzianza, paa unaweza kulianza. Huo mmoja tu, uuheshimu.

Wakati unangoja, kuna mambo mawili ya hatari nisiyotaka uyakute kwa mshangao. La kwanza ni rangi ya zamani yenye madini ya risasi, ambayo ni sumu, hasa kwenye milango, fremu na madirisha ya chuma. Leo sheria zetu za viwango zinaruhusu sehemu 90 kwa milioni tu, lakini iliyopakwa enzi za mlowezi haikujua sheria hiyo. Usiipige msasa mkavu, wala usiiunguze kwa moto. Ilowanishe, ikwangue ikiwa mbichi, kusanya maganda yote kwenye mfuko, na watoto na wajawazito wasiwepo. Kama paa nalo lina rangi kuukuu, usinywe maji yake ya mvua mpaka yapimwe. La pili ni asibesto, nyuzi za madini ambazo vumbi lake huharibu mapafu. Ukikuta bati la kijivu lisilo chuma, au dari ngumu kama kadibodi ya simiti, usilivunje wala kulitoboa. Wapo watu wenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira, wa kuliondoa, na hapo hakuna njia ya mkato.

Mabati ya chuma yenye kutu usiyatupe upesi. Ya zamani ni mazito kuliko geji 30 na 32 tunazouziwa sasa. Yaliyooza badilisha, yaliyobaki sugua kwa brashi ya waya, paka rangi ya kuzuia kutu, na juu yake rangi unayoitaka.

Na nyufa. Waswahili wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi, kwa kazi yangu, nasema usizibe ufa kabla ya kujua kama unatembea. Tuko kwenye Bonde la Ufa. Nakuru na vitongoji vyake imekaa juu ya majivu ya volkeno na mipasuko ya ardhi, na mvua kubwa zikija, mahali pengine ardhi hufunguka. Bandika kipande chembamba cha kioo juu ya ufa, kishikwe pande zote mbili, andika tarehe kwa penseli pembeni. Kioo kikivunjika kabla ya mvua za masika kuisha, mwite mhandisi. Kikibaki kizima, jaza ufa kwa chokaa na mchanga, moja kwa tatu, uendelee na maisha.

Sasa tuje kwenye rangi, ambayo najua ndiyo iliyokufanya uniandikie.

Umesema ndani ni giza. Watakuambia upake nyeupe. Usikubali. Nyumba za walowezi zina veranda pana inayokata jua, na chumba kisichopata jua kikipakwa nyeupe hakiwi cheupe, kinakuwa kijivu cha wodi ya hospitali. Chumba cha giza kinataka rangi yenye joto ndani yake, manjano ya udongo, nyekundu ya tofali, hata ile ya boga lililoiva. Kinakubali kuwa cha giza, lakini giza lenye moto. Hapo nia yako na nyumba yako zimekubaliana, kwa hiyo rangi kali si kiburi, ni dawa. Nyeupe ipeleke verandani na kwenye dari, ambako itarudisha mwanga ndani.

Na uipake kwa chokaa. Watu wakisikia chokaa wanafikiria miti ya barabarani iliyovishwa soksi nyeupe, na mawe ya lango la shule. Chokaa yenye rangi ni kitu kingine kabisa. Jiwe la chokaa linachomwa kwenye tanuri, linatiwa maji, linakuwa unga. Ukiupaka ukutani na maji, unavuta kaboni dioksidi kutoka hewani na kurudi kuwa jiwe tena, jembamba, lililoshikana na ukuta na linaloruhusu mvuke kupita. Hakuna ngozi ya kutoa malengelenge. Tena haichukui sura ya plastiki. Mwanga unaingia kidogo kabla ya kurudi, na nyekundu ya chokaa ina kina ambacho nyekundu ya kopo haijawahi kukiota.

Chokaa hiyo inachomwa huku huku kwetu, Koru, kaunti ya Kisumu. Lakini angalia sana unachouziwa, maana upo kwenye nchi ya wakulima. Chokaa ya shamba, ile ya kupunguza asidi kwenye udongo, ni jiwe lililosagwa bila kuchomwa. Ukiipaka ukutani itabaki vumbi mpaka kiama. Sema dukani unataka chokaa ya kujengea. Iloweke kwenye pipa la plastiki, maji yakiifunika, kwa siku kadhaa, na ukiweza wiki kadhaa. Kila inavyokaa inalainika na kushika vizuri zaidi. Inaunguza ngozi na macho, kwa hiyo glavu na miwani si mapambo, na ndoo ya maji safi ikae karibu ya kunawia.

Kuchanganya ni rahisi, subira ndiyo kazi. Zimua mpaka iwe kama maziwa, si kama mtindi. Rangi yake iwe ya madini. Oksaidi nyekundu, ile ile inayopakwa kwenye sakafu za simiti, na ya manjano na nyeusi, zote zinavumilia chokaa. Udongo mwekundu wa kwenu pia ni oksaidi ya chuma. Uloweke, ukoroge, uache mchanga uzame, mimina maji ya juu kwenye chombo kingine uyaache yatulie, na ule uji laini utakaobaki ndio rangi. Usipite kilo 1 ya rangi kwa kilo 10 za unga wa chokaa, ukizidisha itakutoka mikononi kama chaki. Bluu ni ngumu kidogo. Wazee walitumia bluu ya kufulia nguo, na ile ya zamani iliyokuwa ya madini ilikaa vizuri. Za leo nyingine ni dawa za rangi tu zinazofifia. Jaribu kwanza kwenye jiwe la nje lililopakwa chokaa, uliache juani mwezi mzima. Jua letu la karibu na ikweta halina huruma kwa rangi ya uongo.

Lowanisha ukuta kwa maji kwanza. Paka mkono mwembamba, mwembamba kiasi cha kukufanya udhani umeibiwa, kwa maana ikiwa mbichi karibu haionekani. Rudi kesho. Mikono 4 au 5, kila mmoja siku yake, asubuhi kabla jua halijapanda. Usipake Januari saa saba mchana, itakauka kabla haijashika. Na usiamini rangi ya mbichi. Ile utakayoiona kwenye ndoo ni ya damu ya mzee, ikikauka inakuwa ya ua la waridi. Paka viraka vya majaribio, kila kimoja kiandikwe kipimo chake, uvitazame asubuhi, jioni na kwa taa.

Rangi ya mafuta ina mahali pake, na mahali penyewe ni mbao na chuma. Milango, fremu, fasia bodi. Hapo weka glosi yako, bluu kali kabisa kama unaipenda. Ukuta mwekundu wa chokaa usiong'aa, na mlango wa bluu unaong'aa kando yake, vinaoneana wivu vizuri. Ila nakusihi, chumba kimoja kiwe na rangi moja inayotawala. Nimeona nyumba zenye ukuta mmoja wa machungwa, mwingine wa zambarau na mwingine wa kijani, na mwenye nyumba anashangaa kwa nini wageni hawakai.

Kazi za mikono, sasa. Shida ya wengi ni kwamba wanamaliza nyumba, kisha wanakwenda sokoni kununua vinyago vya kutundika. Mimi nataka mkono wa mtu uingie ndani ya ukuta wenyewe.

Kwa kuwa mama yako ni wa Vihiga, unajua desturi ya kusiriba nyumba Krismasi ikikaribia. Niliwahi kukaa siku nzima nikimtazama mama mmoja wa huko akifanya kazi hiyo, nikiwa nimejifanya nasubiri gari. Alikuwa na ndoo tatu, udongo mweupe, mwekundu, na mweusi uliochanganywa na majivu, na beseni la kinyesi cha ng'ombe. Alianza na tabaka la chini kwa kiganja, mkono ukizunguka kutoka begani wala si kwenye kifundo, hivyo kila pigo likaacha upinde mpana. Kisha akafunga kitambaa kwenye vidole viwili, akachovya mweupe, akapita ukuta mzima kwa mstari mmoja bila kupumzika. Nikamwuliza anapimaje. Akaniangalia kama mtu anayeuliza mguu unapimwaje ukitembea.

Mtafute mama wa namna hiyo, mlete Njoro, mlipe siku zake kama unavyomlipa seremala, nauli na chakula juu. Mpe ukuta wa veranda au wa sebule, kwa sababu udongo haupendi mvua ya kuupiga usoni. Ukuta uwe na plasta ya chokaa yenye mkwaruzo, udongo ushike. Juu ya rangi ya mafuta utabanduka kama ganda la ndizi. Ukitaka ukae miaka mingi, mchanganyie chokaa kidogo na maziwa yaliyotolewa mafuta kwenye rangi zake, lakini mwambie kwanza, maana mchanganyiko utashika upesi kuliko alivyozoea na hatakuwa na nafasi ya kurudia.

Njia nyingine ninayoipenda kuliko zote, na ni ya bei ya chini, ni ya kukwaruza. Piga tabaka jembamba la plasta ya chokaa yenye oksaidi nyekundu. Likishaanza kukaza lakini halijakauka, weka juu yake tabaka jembamba la nyeupe. Kisha chukua msumari au kijiko kilichonolewa, ukwangue nyeupe ifunuke nyekundu. Una saa chache tu. Michoro ya kwao mama, majani ya migomba, majina ya watoto, chochote. Kuzunguka lile jiko la kuotea moto ingependeza sana, na haitababuka kirahisi kwa sababu si rangi iliyopakwa, ni ukuta wenyewe. Mpe mtoto wako pembe moja ya chini. Mistari yake mibovu ndiyo itakayotazamwa zaidi.

Vyungu vya Ilesi, pale Kakamega, vitoboe kabla havijachomwa uvifanye vifuniko vya taa, lakini kaa na mfinyanzi umweleze ukubwa, chungu hupungua kikikauka na kikichomwa. Jiwe la Kisii kutoka Tabaka linafaa kwa vizingiti vya madirisha na uso wa nje wa jiko la kuotea moto. Mikeka ya mafunjo ya Kisumu ni mizuri kwa dari ya verandani. Usiiweke karibu na bomba la moshi, cheche moja inatosha.

Huenda mumeo anaogopa gharama, na hana kosa. Katika kila shilingi 10 utakazotumia, 6 au 7 zitakwenda mahali ambapo mgeni hatapaona, kwenye paa, gata, mitaro na sakafu. Chokaa na udongo ndivyo vitu vya bei nafuu katika orodha nzima. Ila usimfanye awe mtazamaji. Mpe kazi ya gata na mtaro aisimamie yeye mwenyewe, na mvua kubwa ya kwanza ikinyesha mtoke nje wote wawili na mwavuli, mtazame maji yanakwenda wapi.